Kila Kitabu na Glasi Yake

Tarehe 2 Desemba

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limepoa. Sisi huku hatujambo, isipokuwa joto. Mama anakusalimu, na anasema kofia uliyoisahau siku ile sasa inafunika birika, kwa hiyo usiidai.

Leo sikuandikii salamu tu, nina shida. Unakijua chumba cha kusomea ninachokisimamia, kile kilichobanana ubavuni mwa ukumbi wa mtaa. Kila likizo ya joto watu hukikimbia. Bati linawaka, na feni ni moja, kazi yake kuhamisha joto kutoka pembe hii kwenda pembe ile. Wiki iliyopita Mwenyekiti wa kamati ya ukumbi aliingia, akasimama kati ya meza tupu, akaniambia: "Binti, likizo ikiisha nikakuta viti hivi bado vinakaliwa na hewa, chumba hiki kinakuwa stoo ya mahema na viti vya kukodisha." Hakutania. Yule bwana hatanii hata harusini.

Mjomba, chumba hiki nilikianza na rafu moja. Sitaki nije nikikute kimejaa mahema.

Nimepata wazo. Nje tuna baraza yenye kivuli na upepo. Nataka kila riwaya iwe na kinywaji chake. Ukichukua hii, unapata glasi ya kitu fulani. Ukichukua ile, kikombe cha kitu kingine. Mtu anakaa, anasoma, anakunywa, na joto analisahau. Mwenyekiti amekubali shingo upande, mradi glasi isivuke mlango.

Taabu ni kwamba vinywaji sivijui. Chai yangu Mama huyamwagia maua. Na riwaya zenyewe ni mpya, zimekuja kwa masanduku, sijasoma hata nusu. Lakini wewe una kioski cha vinywaji mbele ya ofisi ya vyeti, na umewahi kuniambia kuwa watu kwenye foleni hapo husoma riwaya hizi hizi. Nisaidie na nne tu za kuanzia: ile ya mjane mwenye nyumba ya wageni, ile ya mkimbiaji, ile ya mapacha, na ile ya polisi mwenye mguu mbovu. Kama hujazisoma, sema tu, nitakueleza ninachokiona kwenye jalada.

Mpwa wako,
Macho Manne


Tarehe 9 Desemba

Kwako Macho Manne, mboni ya ukoo wetu, tena mboni za ziada,

Marahaba, na nyingine ya akiba uiweke mpaka tutakapoonana. Mimi mzima kama kengele. Goti nililikalisha kitako nikaliambia lichague: ama lipone, ama niende zangu bila lenyewe. Limepona. Dada yangu mwambie kofia ile nimemsamehe, ila birika lisianze kujiona lina akili kwa sababu limevaa kofia yangu.

Sasa. "Kama hujazisoma." Mpwa wangu, nilipofika kwenye maneno hayo ilibidi nikae chini, na kioskini kwangu kiti ni kimoja, alikuwa amekikalia mteja. Mimi? Mimi ambaye darasa la sita nimelisoma mara mbili, wakati wenzangu wote waliotangulia walilisoma mara moja tu? Hakuna riwaya inayopita foleni hii bila kupitia mikononi mwangu. Watu wanakaa kwenye benchi langu tangu milango haijafunguliwa, wananunua chai, wanafungua vitabu, na mimi nauliza, "Hicho kinasemaje?" Wananieleza. Vitabu vya hapa vimenijaa kichwani hadi nikiinama naogopa vitamwagika.

Na vinywaji ndiyo usiulize. Kuna karani mmoja wa hapo ofisini nilimpa kikombe cha kahawa yangu ya kwanza ya asubuhi. Yule kijana alimaliza kazi ya wiki nzima kabla ya saa nne, akaanza ya mwezi ujao, mpaka wenzake wakamfungia chumbani asije akatoa vyeti vya watu ambao hawajazaliwa. Muulize yeyote. Na tangawizi yangu siku moja ilimpigisha chafya bwana mmoja, chafya hiyo ikagonga mihuri mitatu mezani yenyewe. Karatasi zile zilikubaliwa!

Sikiliza basi, nakupa elimu ambayo watu wanaitafuta ng'ambo. Kitabu na kinywaji ni mume na mke. Mmoja akikimbia na mwingine akitambaa, nyumba hiyo haikaliki. Kitu cha moto humlazimisha mtu asubiri, basi mpe kitabu cha taratibu. Kitu chenye barafu hakimsubiri mtu, basi mpe kitabu chenye mbio. Usije ukampa mtu chai ya moto na kitabu cha mbio. Ataunguza ulimi sura ya kwanza na sura ya pili hatamwambia mtu utamu wake.

Ile ya mjane ni juisi ya nanasi, baridi, bila sukari ya kuongeza. Mama wa watu anasimama mlangoni na jagi la nanasi alilokamua kwa mkono wake, kila mgeni glasi. Kitabu cha furaha tupu kile. Ile ya mkimbiaji, maji ya ndimu na barafu, maana huyo kijana tangu ukurasa wa kwanza nyayo zake hazijagusa ardhi. Mapacha wape maziwa baridi, tena glasi mbili ndogo badala ya moja kubwa, kwa sababu wale watoto wanapendana hata kikohozi wanagawana. Polisi ni kahawa chungu. Halali yule. Sijaona mtu asiyelala namna ile.

Usibadilishe hata tone. Ukibadilisha, na lawama ubadilishe jina.

Mjomba wako,
ambaye hajawahi kukosea kinywaji cha mtu


Tarehe 17 Desemba

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Habari za foleni? Sisi wazima, na Mama anasema birika limeanza kujiona.

Tumeanza. Nimeweka ubao mkubwa barazani, riwaya upande huu, vinywaji upande huu, na juu yake nimeandika KWA MAELEKEZO YA PROFESA. Usivimbe sana. Nilihitaji jina la kuwatisha watu.

Wa kwanza kuja alikuwa fundi saa wa ng'ambo ya barabara. Alisimama mbele ya ubao mikono nyuma.

"Profesa wa nini?"

"Wa vinywaji."

"Hatimaye," akasema, "elimu imefika inapotakiwa." Akachukua mkimbiaji na maji ya ndimu, akavua viatu kabisa.

Baadaye akaja nesi wa zahanati, anatoka zamu, uso umechoka. Akaomba kitabu cha furaha. "Kutwa nzima nawanywesha watu vitu vichungu," akasema. "Leo na mimi ninyweshwe kitamu." Nikampa mjane na nanasi. Alicheka peke yake mpaka jioni, keshoye akaja na wenzake wawili.

Mwenyekiti alipita, akanusa. "Naona mmefungua baa."

"Ni ndimu, Mwenyekiti."

"Zote huanza na ndimu," akasema, akaenda zake.

Lakini viti vya barazani vimepata watu, Mjomba. Asante.

Mpwa wako,
Macho Manne


Tarehe 22 Desemba

Mpwa wangu, mwenye mjomba ambaye wengine wanaomba wampate,

Marahaba. Afya yangu inatosha watu wawili, kama kuna mgonjwa huko nitumie nimgawie.

Barua yako nimeisoma mbele ya foleni nzima, kwa sauti, mara mbili, kwa sababu waliokuwa nyuma walilalamika hawakusikia. (Hawakulalamika, lakini nilijua wangelalamika.) Sasa hapa naitwa Profesa. Mlinzi wa ofisi alijaribu kucheka, nikamuuliza, "Wewe ubao wako uko wapi?" Akanunua chai.

Huyo Mwenyekiti muache anuse. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Mimi nimewahi kushindana na mtu wa namna hiyo, mkubwa wa ofisi hii ya vyeti, aliyetaka kunihamisha na kioski changu. Sikumjibu neno. Nilichemsha tu iliki, upepo ukiwa unaelekea dirishani kwake. Siku ya tatu alishuka mwenyewe, machozi yanamtoka, akaniomba nisihame hata akifa. Na hakufa. Yupo. Anakunywa vikombe vitatu.

Endelea na ubao wangu kama ulivyo. Watu wakikusifu, sifa zangu nitumie kwa barua, zako baki nazo.

Mjomba wako,
Profesa (sikujiita mimi)


Tarehe 4 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Nakuombea uzima, kwa sababu nataka uwe mzima ninapokuuliza ninayotaka kukuuliza.

Jana nesi alisimama mbele ya meza yangu, kitabu mkono huu, glasi mkono huu.

"Nani aliviweka hivi viwili pamoja?"

"Profesa."

"Basi mwambie Profesa wako kwamba mbele huko shemeji wa yule mjane anataka nyumba, anatia sumu kwenye jagi. Jagi la nini? La nanasi! Mgeni anakunywa, anaanguka kifudifudi juu ya meza, na mimi hapa niko glasi ya pili!" Juisi akayamwagia maua. Maua, ya nyumbani na ya hapa, kwa kweli yamepitia mengi.

Si yeye peke yake. Mkimbiaji wako anafungwa jela mapema tu, na kuanzia hapo kitabu chote kimekaa kitako ndani ya chumba kimoja. Fundi saa anasema barafu iliyeyuka, maji yakapata moto, na kijana bado hajainuka. Mapacha wanagombania shamba, hawasemezani mpaka wanazeeka. Aliyekuwa anasoma alitazama zile glasi zako mbili akaniuliza kama namdhihaki. Yeye na ndugu yake wana kesi. Na polisi asiyelala anaachishwa kazi, Mjomba. Analala. Analala sura nzima nzima.

Halafu habari za sumu zikamfikia Mwenyekiti zikiwa zimeota miguu. Alikuja mbio, amesikia kuna mtu kanyweshwa sumu barazani kwangu. Nilimkalisha nikamsomea mahali penyewe, neno kwa neno, mpaka akaamini kwamba marehemu ni wa kitabuni. Alisikiliza ameshika kifua. Nilipofunga kitabu akasema, "Likizo ikikaribia kwisha nitakuja na utepe wa kupimia. Mahema yanahitaji rafu pana." Ndivyo alivyosema. Na wengine wawili tayari wameacha kuja, wanasema ubao unadanganya.

Nimekaa nikawaza. Watu wanakuja kwenye benchi lako asubuhi, wanafungua kitabu, wanakusimulia walipofika. Kisha jina linaitwa dirishani. Wanainuka, wanaondoka na kitabu chao, na cheti wakishakipata hawarudi tena. Mjomba, je, kuna riwaya hata moja duniani ambayo unajua inavyoisha?

Nimeshika kitambaa cha kufutia ubao. Nasubiri jibu lako.

Mpwa wako


Tarehe 8 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima, ingawa barua yako ilikuja imenuna, hata bahasha ilifunguka kwa shida.

Weka kitambaa chini. Kiweke kabisa. Hakuna atakayeufuta ubao wangu.

Unaniuliza miisho. Tangu lini mtu akapimwa kwa miisho? Nyota njema huonekana asubuhi, na mimi ni mtu wa asubuhi. Mgeni akibisha hodi unampa kinywaji akiwa anaingia au akiwa anatoka? Kinywaji hutolewa mwanzoni! Kama mwandishi alianza na karamu akamaliza na msiba, hilo ni lake na Mungu wake, mimi nilimhudumia alipoingia.

Lakini huyo nesi, na huyo fundi saa asiyejua barafu haisubiri, na huyo mwenye kesi, wote hao wanataka kunipinga mimi, sivyo? Vizuri. Napenda kupingwa, nanenepa. Ila nipingwe kwa heshima. Andika chini ya ubao, herufi kubwa: ANAYESEMA PROFESA AMEKOSEA, AFIKE UKURASA WA MWISHO KWANZA. Akifika, aandike kinywaji chake kando ya changu, na aseme kwa nini, mbele za watu. Aliyeishia katikati asinifungulie mdomo. Na akishaandika, mwingine aliyefika mwisho naye ana haki ya kumfuta. Changu tu ndicho kisifutwe.

Watashindwa wote. Wavivu hao. Hakuna atakayefika mwisho kwa ajili ya kugombea glasi ya ndimu.

Tena nesi mwambie: kumwagia maua juisi yangu ni kosa, lakini maua yamenufaika.

Mjomba wako,
yule yule


Tarehe 26 Januari

Mpwa wangu mpendwa, Macho Manne,

Hujambo? Mama yako hajambo? Birika halijambo? Nauliza mpaka birika kwa sababu hakuna aliyenijibu.

Mimi mzima sana. Biashara imesimama wima. Juzi nilitengeneza maji ya ndimu baridi hivi kwamba mteja alipoyaweka mezani, meza ilitetemeka. Hakuna jipya zaidi.

Sikuandikii kwa sababu nina wasiwasi. Wasiwasi ni wa watu wasio na uhakika. Nilitaka tu kujua kama yule bwana wa mahema amekuja na utepe wake. Kama amekuja, mwambie asipime kitu mpaka mimi nijue. Kama ameshapima, mwambie vipimo vimekosewa, apime tena, na huku wewe niandikie. Nina mteja wa hapa, mpiga chapa, ametangulia kunipa neno lake kwamba nikimwambia atachapa barua ya malalamiko yenye herufi za dhahabu. Sina haja nayo. Lakini ipo.

Kama umenikasirikia, kasirika kwenye karatasi, niione.

Kuna mama mmoja hapa kwenye foleni alikuwa na ile riwaya ya mjane. Jina lake lilipoitwa nikamwambia kwa adabu aiache kidogo kaunta, akirudi na cheti ataichukua. Nilikuwa nataka kukagua ubora wa karatasi.

Mjomba wako


Tarehe 7 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, tena shikamoo nyingi, moja kwa kila siku niliyokaa bila kukuandikia. Tuko wazima. Sikukasirika. Sikupata pa kukaa kuandika, na ninaposema sikupata pa kukaa, nataka usome maneno hayo kama yalivyo.

Niliandika kanuni yako chini ya ubao kwa hasira. Nilijisemea, haya, tuone. Kesho yake fundi saa alisoma, akauliza, "Yaani mimi siruhusiwi kusema mpaka nimalize?" Nikasema hivyo ndivyo Profesa anavyotaka. "Ananijua mimi? Mimi natengeneza saa zilizokufa tangu yeye hajajua kuchemsha maji!" Akamrudia mkimbiaji wake jela, akakaa naye humo mpaka akatoka. Alipomaliza alikwenda ubaoni kama anakwenda kuoa. Akaandika: CHAI YA MOTO. "Huko ndani," akawaambia watu, "wana kikombe kimoja cha chai kwa siku, anakishika mpaka kinapoa kwa sababu ndiyo joto pekee analoruhusiwa kulishika. Ndimu! Mtu mwenye akili anaandika ndimu?"

Basi nesi akasikia, akasema na yeye hawezi kubaki na hasira nusu, akamrudia mjane akammaliza. Akaandika: MAJI MATUPU. "Baada ya kitabu hiki sinywi kitu ambacho siwezi kuona upande wa pili wa glasi." Mwalimu mstaafu akaja kumpinga nesi, ikabidi naye asome. Mwenye kesi na ndugu yake alisoma mapacha mpaka mwisho, siku ya pili akaja na huyo ndugu yake. Hawasemezani vizuri bado, lakini wanasoma kwa zamu kitabu kimoja, na maziwa wanakunywa. Glasi mbili. Hawajaandika kitu ubaoni. Nimeogopa hata kuwauliza.

Watu wakawa wanawahi viti. Baraza ikajaa, wakaanza kuingia ndani bila glasi, kwenye bati linalowaka, mradi wasome. Kila mtu ana hamu ya kukushinda. Wanakutukana, Mjomba, kwa furaha ambayo sijawahi kuiona chumbani humu. "Profesa wa makaratasi." "Profesa wa kurasa kumi." Nesi anakuita Bwana Mwanzo.

Mwenyekiti akaja na utepe. Alifungua mlango akakuta hakuna pa kupitisha utepe. Alitafuta mtu wa kumshikia ncha ya pili, kila aliyemwomba alisema, "Ngoja nimalize ukurasa." Akasimama. Mwisho akaniuliza, sauti ya chini, kama mtu anayeulizia choo, "Yule mjane... walimkamata shemeji yake?"

"Sikumbuki vizuri, Mwenyekiti. Kitabu hiki hapa."

"Nilikuwa nauliza tu."

Akakaa barazani kwenye ngazi, viti vilikuwa vimekwisha. Nilimpelekea glasi ya nanasi, ndiyo kanuni. Aliitazama kama imemtukana mama yake, akaiweka mbali. Lakini alisoma. Akarudi tena na tena, akidai anakuja kupima. Juzi akamaliza. Akaenda ubaoni, akachukua chaki akaandika kwa mwandiko wa barua za kamati: CHAI ISIYO NA SUKARI. Akageuka. "Hiki ni kitabu cha msiba. Msibani watu hunywa chai, na sukari huisha mapema. Huyo Profesa wenu hajui kitu."

Nikamuuliza, "Na stoo, Mwenyekiti?"

"Stoo gani? Mahema yana ukumbi mzima wa kulala." Kisha akasema, "Huyo mtu aitwe. Aje asimame hapa ajitetee. Mimi nitakuwa mstari wa mbele."

Kwa hiyo chumba kimebaki, Mjomba. Nimeandika sentensi hiyo nikaitazama kwa muda.

Wanakuomba uje Jumamosi ya mwisho wa likizo. Wote wamejiandaa. Lakini kanuni ni yako mwenyewe: asiyefika ukurasa wa mwisho hafungui mdomo. Kama unaona heri usije, niambie, nitawaambia goti limerudi.

Mpwa wako anayekupenda,
Macho Manne


Tarehe 12 Februari

Kwako mpwa wangu, msimamizi wa chumba ambacho mimi nimekiokoa,

Marahaba zote, zihesabu mwenyewe. Mimi mzima, goti zima, usilitaje kwenye mambo yasiyolihusu.

Nilijua. Tangu ulipoandika habari za bati nilijua itakuwa hivi. Niliwatega kwa vinywaji vya makosa kama mtu anavyotega panya kwa samaki, wakaingia wenyewe hadi ukurasa wa mwisho. Waambie hivyo. Au usiwaambie, nitawaambia mimi.

Nakuja. Waambie wapange viti, na cha Mwenyekiti kiwe karibu, nataka anisikie bila kuinama. Chai isiyo na sukari! Yule bwana amefika mwisho lakini hakuingia ndani, amesimama mlangoni kama mgeni wa mjane. Hakuona anavyofanya mama yule baada ya mazishi? Wageni wote wamemkimbia, nyumba imebaki na paka. Siku moja anabisha hodi msafiri mmoja, mchovu, hajui lolote. Na mama anakwenda jikoni. Anachukua nanasi. Anakamua jagi jipya, anajimiminia yeye kwanza, anakunywa glasi nzima mbele ya yule msafiri, ndipo anammiminia na yeye. Ukurasa wa mwisho kabisa, mpwa wangu, mistari ya chini. Nanasi! Nilisema nanasi na ni nanasi. Nesi na maji yake matupu, Mwenyekiti na msiba wake, wote wajipange wapigwe. Niliposoma hapo mimi, zamani sana bila shaka, mama mwenye kitabu alikuwa amesimama kaunta ananidai kitabu chake, nikamwambia asubiri, akaona macho yangu akasubiri. Ilikuwa ni moshi wa jiko.

Mkimbiaji nimemwachia fundi saa. Mtu mkubwa huwaachia wadogo kitu kimoja.

Sasa nakuomba jambo moja, na si ombi, ni amri ya mjomba. Kuhusu wale mapacha. Nikifika huko, wewe, wala yule mwenye kesi, wala ndugu yake, mtu yeyote asiniambie kama walikuja kusemezana. Hata kwa ishara. Hata uso wa furaha usinionyeshe, nitaelewa. Wamezeeka wote, mkubwa ameketi kwenye basi, mdogo amepanda basi lile lile kwa mlango wa nyuma na hawajaonana. Nimebakiza sura mbili, na safari ya kuja kwenu ni fupi mno, itabidi nianze kuzisoma leo.

Kuna mtu anagonga kaunta anataka chai. Anasema jina lake limekaribia kuitwa.

Agonge tu.

Mjomba wako